Wapimaji wa moyo wasisahau chumba cha juu

Kwa muda mrefu tumezoea kuamini kuwa ugonjwa wa moyo ni wa wazee, wa matajiri na wa watu wa Ulaya. Imani hiyo imepitwa na wakati, na inaua watu. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitalini kwa sababu mioyo yao ilishindwa kusukuma damu ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Nusu walikuwa wanawake. Chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha. Zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya sita alifariki dunia ndani ya miezi sita.

Miaka 52 ni umri wa mtu ambaye bado ana watoto shuleni. Ni umri wa mama anayevuka daraja la Rusumo alfajiri kufuata mchele na kurudi jioni, na umri wa ndugu zetu wengi waliorejea nyumbani wakaanza maisha upya, wakajenga kwa mkopo na hawajamaliza kulipa. Ndiyo maana nataka leo tuzungumzie kipimo kimoja cha moyo, na sehemu ya kipimo hicho ambayo kwa maoni yangu inapuuzwa.

Mimi si daktari. Ni mwalimu. Nilizaliwa na kusoma uhamishoni, Karagwe, mkoani Kagera, na nilirejea Rwanda nikiwa tayari nimemaliza chuo cha ualimu. Kwa kuwa nasoma Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza, majirani na wazazi wa wanafunzi huniletea karatasi zao niwasomee: barua za mahakama, mikataba ya viwanja, hati za forodha na majibu ya hospitali. Karatasi za hospitali hutoka pande zote, kwani watu wetu hutibiwa walipo. Nyingine zimetoka Kigali, nyingine Mwanza, nyingine Kampala. Pale nisipoelewa huwauliza wauguzi na madaktari ninaowafahamu, nao wamekuwa wavumilivu kwangu.

Katika karatasi za kipimo cha moyo cha ultrasaundi, ambacho wengi hukiita eko, nimeona jambo moja linalojirudia. Nguvu ya chumba cha chini cha kushoto huandikwa karibu kila mara, tena kwa asilimia. Habari za chumba cha juu ama huandikwa kwa neno moja, ama haziandikwi kabisa.

Wale tuliosoma sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za Tanzania tunakumbuka kuwa moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu tuliviita auriko, na viwili vya chini ventriko. Siku hizi wataalamu husema atiria badala ya auriko. Damu safi kutoka mapafuni huingia atiria ya kushoto, hupita kwenye vali, huingia ventriko ya kushoto, na ventriko huisukuma kwenda mwilini. Tulifundishwa kuwa ventriko ndiyo pampu, na atiria ni kama sebule ya kupitia tu. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Atiria ina kazi tatu. Ya kwanza ni kupokea na kuhifadhi: ventriko inapojikamua, vali baina yao imefungwa, na damu inayorudi kutoka mapafuni hujaa katika atiria, ambayo lazima itanuke kuipokea. Ya pili ni kupitisha: vali inapofunguka, damu hutiririka yenyewe kwenda chini. Ya tatu ni kusukuma: mwishoni kabisa, kabla ventriko haijajikamua tena, atiria hujibana na kuongeza kiasi cha mwisho cha damu. Kwa mtu mwenye afya, sukumo hilo la mwisho huchangia takriban moja ya tano hadi karibu theluthi ya damu inayojaza ventriko. Kwa mgonjwa ambaye ventriko yake imekakamaa kwa presha ya miaka mingi, sukumo hilo ndilo linalomfanya aweze kutembea hadi sokoni.

Wafanyabiashara wa mpakani wataelewa haraka kuliko wengine. Chukulia ventriko kuwa lango la forodha na atiria kuwa yadi ya malori. Lango likifanya kazi vizuri, yadi huwa na nafasi. Lango likianza kuwa gumu, hata kama bado linapitisha malori yale yale kwa siku, foleni hurefuka na yadi hulazimika kupanuliwa. Foleni ikizidi hurudi barabarani. Katika mwili, barabara hiyo ni mapafu. Ndipo mtu anaposhindwa kulala bila mito mitatu, anaposhtuka usiku akitafuta pumzi, na anapokohoa hadi jirani anamshuku kuwa na kifua kikuu.

Kwa hiyo ukubwa wa atiria ya kushoto ni kumbukumbu. Presha ya damu ukiipima leo inaeleza habari ya leo. Atiria iliyotanuka inaeleza kuwa foleni imekuwapo kwa miezi au miaka. Madaktari huifananisha na kile kipimo cha sukari kinachoonyesha hali ya miezi mitatu iliyopita, badala ya sukari ya asubuhi hiyo tu.

Suala hili ni zito kwa sababu duniani kote karibu nusu ya watu wenye dalili za moyo kushindwa kazi wana ventriko ambayo bado inajikamua vizuri. Tatizo lake ni kukakamaa na kushindwa kulegea ili ijae. Mgonjwa wa aina hiyo akipimwa eko na karatasi ikataja asilimia ya kujikamua peke yake, jibu litakuwa zuri. Ataambiwa moyo wake ni mzima.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mama mmoja mfanyabiashara, mwenye presha ya miaka mingi, alikuwa akisimama mara nne kupanda kilima alichokuwa akikipanda bila kusimama. Alipimwa katika hospital moja ambayo sitaitaja. Karatasi ilisema ventriko inasukuma kwa asilimia 60, na chini yake pameandikwa kuwa moyo uko sawa. Alirudi nyumbani akiwa na dawa za kikohozi. Miezi kadhaa baadaye alipimwa mahali pengine, na safari hii mpimaji alipima atiria pia. Ilikuwa imetanuka sana. Alianzishiwa dawa za kupunguza maji mwilini na dawa zake za presha zikapangwa upya. Asilimia ya kusukuma ilikuwa ile ile 60. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu aliyetazama chumba cha juu.

Je, kukitazama ni kazi ngumu? Si ngumu kiasi hicho. Mpimaji husimamisha picha wakati atiria imejaa kabisa, kabla tu vali haijafunguka, akaizungushia mstari katika picha mbili za pembe tofauti, na mashine ikakokotoa ujazo. Ujazo huo hugawanywa kwa eneo la ngozi ya mwili, ili mtu mwenye mwili mkubwa asilinganishwe na mwembamba. Miongozo ya vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya ya mwaka 2015 inaweka kikomo cha kawaida kuwa mililita 34 kwa kila mita ya mraba. Kwa mtu wa wastani ni kama mililita 55, yaani kikombe kidogo cha kahawa. Kuzidi hapo kunataka maelezo. Ni kweli kuwa wanariadha na watu wenye upungufu mkubwa wa damu nao huweza kuwa na atiria kubwa, kwa hiyo namba hiyo haisomwi peke yake. Lakini ni lazima kwanza iwepo ndipo isomwe.

Upo pia upimaji mpya zaidi, ambamo programu ya kompyuta hufuatilia madoadoa ya picha kwenye ukuta wa atiria na kuonyesha ukuta huo unanyumbuka kwa asilimia ngapi wakati wa kupokea damu. Kwa watu wenye afya wastani ni karibu asilimia 39, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Ukishuka chini ya asilimia 18 kwa mtu mwenye dalili, wataalamu huchukulia kuwa ni ishara ya shinikizo kubwa ndani ya upande wa kushoto wa moyo. Faida yake ni kwamba mnyumbuko huweza kupungua kabla chumba hakijatanuka.

Ipo historia inayofaa kukumbukwa hapa. Eko ilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953. Daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitumia mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma; Hertz alikuwa ameijaribu katika karakana ya meli ya Kockums huko Malmö. Walichokuwa wakikitafuta zaidi ni vali ya mitrali iliyobana, ile iliyo kati ya atiria na ventriko ya kushoto. Hapo mwanzo Edler alidhani mwangwi aliouona ulitoka kwenye ukuta wa atiria ya kushoto. Baadaye ikabainika kuwa ulitoka kwenye kipande cha vali yenyewe. Kwa hiyo eko ilizaliwa ikitafuta ugonjwa ambao leo umekuwa adimu Ulaya, lakini bado umejaa kwetu.

Ugonjwa huo hutokana na homa ya baridi yabisi, ambayo nayo huanzia kwenye koo la mtoto. Bakteria wa koo wasipotibiwa, kinga ya mwili ya baadhi ya watoto hugeuka na kushambulia vali za moyo. Vali ikibana, atiria ndiyo inayobeba mzigo wote. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta umri wa katikati kuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Msichana wa namna hiyo anaweza kuishi bila kujua mpaka apate mimba. Damu huongezeka, mapigo huenda mbio, yadi hufurika, naye huanguka akiwa na mtoto tumboni.

Atiria ikitanuka sana huweza kupoteza mwendo wake, ikawa inatetemeka badala ya kujibana. Mapigo hukosa mpangilio. Sukumo la mwisho hupotea, na damu hutuama katika kijifuko kilicho pembeni mwa atiria, ikaganda. Bonge likichomoka na kwenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Hapa jibu la eko hubadilisha hata dawa. Utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wenye mapigo ya aina hiyo yaliyotokana na moyo wa baridi yabisi, dawa za zamani za jamii ya wafarini ziliwasaidia zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroxaban, na waliozitumia walikufa wachache zaidi. Anayenunua vidonge vya kuyeyusha damu mpakani kwa kusikia kuwa vipya ni bora, bila kujua hali ya vali na atiria yake, anajiweka hatarini.

Watasema wapo watakaoniuliza: mwalimu, unadai mambo ya Ulaya wakati hospitali nyingine hazina hata umeme wa uhakika? Nawajibu kwamba mfano uko hapa hapa Rwanda. Kuanzia mwaka 2006 Wizara ya Afya pamoja na shirika la Inshuti Mu Buzima walianzisha kliniki za magonjwa yasiyoambukiza katika hospitali za wilaya, Rwinkwavu ikiwa ya mwanzo na Kirehe ikifuata. Humo wauguzi walifundishwa kutumia eko kwa maswali machache yaliyochaguliwa: je, ventriko inasukuma vibaya? Je, vali ya mitrali imebana? Je, kuna maji kuzunguka moyo? Kwa majibu hayo waliwapanga wagonjwa katika makundi na kuanza tiba, huku daktari bingwa akipitia kazi yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na udhaifu wa misuli ya moyo, na kama robo walikuwa na moyo wa baridi yabisi. Wengi walikuwa vijana.

Tusidharau kilichofanyika. Muuguzi wa wilaya mwenye mashine ndogo na mafunzo mazuri aliweza kufanya kazi ambayo awali ilimlazimu mgonjwa asafiri hadi mji mkuu. Ninachokiomba ni kwamba swali la atiria nalo lipewe mstari wake katika kila karatasi ya eko, kuanzia hospitali ya wilaya hadi ile ya rufaa. Simdai muuguzi programu ya gharama kubwa ya kupima mnyumbuko. Hiyo ibaki kwa mabingwa. Namdai ukubwa wa atiria kwa namba, hali ya vali ya mitrali, na kama mapigo yana mpangilio au hayana. Mambo hayo matatu yanaonekana kwa mashine zilizopo.

Kipimo hiki kina mipaka yake na si haki kuificha. Picha ikikatwa vibaya, atiria huonekana ndogo kuliko ilivyo. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, namba hubadilika kila pigo, na mpimaji anapaswa kupima mapigo kadhaa na kuchukua wastani. Kile kijifuko chenye hatari ya bonge hakionekani vizuri kwa eko ya juu ya kifua. Huhitajika ile ya kumezwa, nayo iko katika hospitali chache. Lakini mipaka hii inadai mafunzo na usimamizi. Haihalalishi kuacha mstari wazi.

Lipo na suala la mpaka. Mgonjwa wa kwetu hana anwani moja. Alipimwa presha Ngara alipokuwa mkimbizi, alipimwa eko Mwanza alipokwenda kwa shangazi yake, na sasa anatibiwa Kirehe. Mituweli yake haivuki daraja, na kumbukumbu zake nazo hazivuki. Kila hospitali huanza upya. Kama nilivyosema, thamani ya atiria iko katika kulinganisha: ilikuwa ngapi mwaka juzi, ni ngapi leo. Bila namba ya zamani, nusu ya maana hupotea. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweza kukubaliana juu ya fomu za forodha kwa ajili ya magunia ya mchele. Hazishindwi kukubaliana juu ya karatasi moja ya eko yenye mistari ile ile, na mgonjwa apewe nakala yake.

Na karatasi hiyo iwe na sentensi mbili au tatu kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na ni lugha ya Jumuiya. Mgonjwa hapaswi kumtafuta mwalimu ili ajue hali ya moyo wake mwenyewe.

Walimu wenzangu nao nina neno kwao. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo ambalo watu wake nao wanajua maana ya kukimbia na kurejea. Watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za awali za moyo wa baridi yabisi, bila wao kujisikia wagonjwa, waligawanywa makundi mawili. Waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, ni asilimia 0.8 tu ambao vali zao ziliharibika zaidi. Wasiochomwa walikuwa asilimia 8.2. Hesabu hiyo haihitaji ubingwa. Mwanafunzi anayelalamika koo na homa asiambiwe anywe maji ya moto akae darasani. Apelekwe kituo cha afya.

Kwa wasomaji wangu wa pande zote za mpaka, naomba mambo machache. Ukiona pumzi inakuishia mahali ambapo haikuwa ikikuishia, miguu inavimba jioni, au unashindwa kulala chali, usikubali kupewa dawa za kikohozi mara tatu mfululizo. Ukipimwa eko, uliza kwa heshima: atiria ya kushoto ina ukubwa gani, vali ya mitrali iko vipi, na mapigo yangu yana mpangilio? Omba nakala, itie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati zako za kusafiria, na uioneshe kila unapotibiwa. Dawa za presha usiziache kwa sababu umejisikia nafuu.

Kwa wizara na hospitali, ombi ni dogo: mstari mmoja zaidi kwenye karatasi, mafunzo ya kuujaza kwa usahihi, na nakala mkononi mwa mgonjwa. Mashine zimekwishanunuliwa na wauguzi wamekwishaonyesha kuwa wanaweza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika moyo, ufa mara nyingi huanza kuonekana katika chumba cha juu, na tunayo mashine iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutafuta nyufa. Itumike.